Fundi Cherehani na Vita vya Goti la Kulia

Njooni, enyi wenye viuno vigumu na visigino vya moto! Sogezeni viti, na asiyeweza kuinuka na abaki palepale alipo, maana habari hii inamhusu kuliko wote. Nawasimulia vita vya fundi cherehani, Simba wa Pedali, Mtunga Uzi Asiye na Miwani, aliyeivika suruali mitaa mizima, na adui aliyejichimbia ndani ya goti lake la kulia.

Adui huyo hakuja na tarumbeta. Alianza kwa kulia asubuhi, kah! kah!, kisha akawa anapanda ngazi na shujaa wetu na kushuka naye, akimtafuna. Je, shujaa alilia? Hasha! Kila alipotaka kuinuka kitini alijifanya ameangusha sindano, akainama, akaikumbatia meza, akapanda polepole huku akiilaani sindano. Sababu nitaisema wazi: aliogopa. Aliogopa kuambiwa, "Mzee, pedali basi," na mtu aliyeshona tangu ujana wake afanye nini na miguu isiyo na pedali?

Hata ikafika siku akakwama chooni, mkewe akamtoa kwa kumvuta kwa shuka.

"Baba watoto," akasema mkewe, akihema, "kesho tunakwenda kwa daktari bingwa wa mifupa. Na usinijibu."

Kesho yake shujaa akavaa viatu.

Bingwa mwenyewe alikuwa binti wa viatu bapa, rika la kitinda mimba wao.

"Shikamoo baba. Habari za leo?"

"Marahaba mwanangu. Njema kabisa."

"Na goti?"

Hapo, wasikilizaji, ulimi wa shujaa ukafanya kama ulivyozoeshwa tangu utotoni: ukiulizwa habari, hata nyumba ikiwa inaungua, kwanza unasema nzuri. Akatanua kifua, akanena: "Goti hili, ewe bingwa, ni nguzo! Limenibeba katika mvua na jua, halijanisaliti hata siku moja, nalo linakusalimu sana!"

"Nashukuru," akasema daktari. "Kwa hiyo mmekuja kunisalimia tu?"

Mke akatazama dari.

"Hebu chuchumaa kidogo, baba."

Akashuka kwa fahari zote. Goti likalia kah! kubwa, hata muuguzi wa chumba cha pili akafungua mlango akidhani kuna mtu anabisha hodi. Kushuka kulikwenda vizuri. Kuinuka ndiko kulikogoma. Basi Simba wa Pedali akaanza kupapasa sakafu.

"Baba, unatafuta nini?"

"Sindano."

"Sindano zangu zote ziko kabatini."

Daktari akachuchumaa mbele yake, wakatazamana uso kwa uso. "Linauma?"

"Ukinikataza pedali, mwanangu, nimekwisha."

"Sijakuuliza pedali. Linauma?"

Jasho likamtiririka. Mababu zake wote, ambao hakuna aliyewahi kuumwa mbele za watu, wakamkodolea macho kutoka makaburini. Ndipo lango la chuma lililofungwa miaka yote likafunguka, na sauti ndogo ikatoka.

"Linauma. Linauma vibaya mno."

Naam! Akainuliwa, akakandwa goti, akapigwa picha ya eksirei. Gegedu, ile nyama laini inayozuia mifupa isisagane, ilikuwa imelika. Haitarudi kama zamani, daktari akaeleza, lakini dawa ya maumivu ipo, mazoezi ya kuimarisha mapaja yapo, na kitambi nacho kipungue kidogo.

"Na kazi?"

"Shona, baba. Inuka mara kwa mara, nyoosha mguu, kisha urudi kushona. Goti lisilofanya kazi ndilo linaloganda."

Fundi akafuta macho kwa mkono wa shati, wala hakuona haya. Daktari akamgeukia mke kwa adabu.

"Na wewe mama, hujambo?"

"Sijambo kabisa," akajibu, upesi mno. Kisha akamtazama mumewe, akaweka kiganja juu ya goti lake mwenyewe. "La kushoto, daktari. Tangu mwaka juzi."

"Mbona hukuniambia?" akauliza fundi.

"Hukuwahi kuniuliza."

Na wajue wajukuu na vitukuu kwamba siku hiyo, bila upanga wala farasi, zilitekwa ngome mbili katika chumba kimoja. Washindi wakatoka wameegemeana, wana magoti mazima mawili baina yao, la kushoto la mume na la kulia la mke, wakasimama juu ya ngazi.

"Tushuke?" akauliza fundi. "Au linauma?"

"Linauma," akasema mkewe. "Tushuke."