Beberu wa Ntheo

Jumatatu, 3 Februari 2025
Kidonda cha beberu wangu kimekataa kupona tangu Novemba. Kiko begani, mahali kila mtu anaona. Na Mzee Kimeu, babake Mutindi, ametangaza: mbuzi watatu wa ntheo, wa kufungua uchumba, mmoja wao beberu, wafike kwake Kathonzweni kabla ya Machi kuisha. Wazima, bila doa! La sivyo, zamu ni ya Kivuva. Kivuva, mwanakwaya anayeomba ruhusa hata ya kupiga chafya! Nampenda Mutindi mpaka chakula hakipiti. Beberu mwingine sina.

Habari njema: beberu wa Kivuva pia ana kidonda. Mungu si Athumani.

Jumatano, 5 Februari
Daktari Yvonne wa mifugo amefungua boma la majaribio karibu na soko. Anasema kidonda hiki kinaletwa na kijidudu cha ukoo wa kifua kikuu, kivivu sana kukua. Kivivu, na bado kimenishinda! Mbuzi wengine watadungwa antibiotiki, wengine maji ya chumvi, walinganishwe. Watavaa mikanda, myekundu na ya bluu. Hata wanaodunga hawajui rangi ipi ina dawa. Akaongeza kwamba anayetaka mbuzi wake atibiwe kando, nje ya majaribio, aseme tu. Sikusema. Kuomba ni kazi ya Kivuva.

Wangu amevishwa mwekundu. Wake, bluu.

Alhamisi, 6 Februari
Wasomi hawa! Wanaficha siri kwa rangi mbele ya watu waliolelewa na mbuzi. Makueni nzima inajua dawa ya kidonda ni bluu. Ile ya kupuliza ni bluu, na haitoki mikononi. Hata kanisani utajua nani ametibu ng'ombe. Sindano zinaanza kesho. Mchana, walinzi wakila muthokoi, niliingia bomani eti kumsalimia beberu wangu. Nikabadilisha mikanda. Beberu wa Kivuva akanilamba mkono. Mjinga kama mwenyewe.

Jumapili, 2 Machi
Kivuva amesimama mbele ya kanisa zima kuomba maombi kwa ajili ya beberu wake. Halafu akaomba na kwa ajili ya wangu! Nikaitikia amina kwa nguvu. Mutindi akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ni furaha ya wokovu.

Ijumaa, 28 Machi
Wĩĩ! Dawa ilikuwa nyekundu. Bluu ilikuwa maji ya chumvi. Beberu wa Kivuva ameota manyoya mapya. Kidonda cha wangu sasa kinameza ngumi. Daktari akatoa picha za siku ya kwanza, akaona mbuzi wawili wamebadilishana mikanda. Akauliza ni nani. Nikasema mbuzi wakicheza huvuana. Akanitazama mpaka nikaanza kujikuna. Akasema hao wawili amewatoa kwenye majaribio, na wangu aletwe Jumatatu aanze dawa, miezi miwili.

Miezi miwili! Nimebaki na siku tatu.

Jumamosi, 5 Aprili
Kivuva amepeleka ntheo. Wanasema Mzee Kimeu alivaa miwani, akampapasa yule beberu kutoka pembe hadi mkia, akatabasamu. Asubuhi Mutindi alikuwa amepita hapa. Alisema ningemwambia babake ukweli, wangengoja mbuzi apone. Alisema alikuwa akinitaka mimi. Alikuwa! Nililia, nikasingizia vumbi.

Nimetafakari kosa ni la nani. Ni la daktari. Mtu mwenye akili timamu anawekaje dawa kwenye nyekundu? Kwake sirudi, na beberu hampati.

Lakini Mzee Kitheka wa Matiliku ana binti, Muthoki, mrembo kweli, na mzee mwenyewe haoni vizuri siku hizi. Beberu nimemvisha sweta langu la shule, limemkaa sawasawa. Wakiuliza kwa nini amevaa sweta na jua hili, nitasema anasikia baridi.