Rubani Ambaye Hajawahi Kufeli

Jumatatu, 3 Machi

Nimefeli. Lakini kwa kishindo! Kama kufeli kungekuwa na medali, leo ningevishwa mbele ya watu.

Mambo yalikuwa hivi. Ndege imetulia, upepo umetulia, mikono yangu laini kama ya daktari. Pembeni yangu kakaa mtahini, Mzee Kalamu. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kalamu nyekundu anayoichomeka sikioni. Nikikaribia uwanja natakiwa kuuita mnara wa kuongozea ndege: mimi nani, niko wapi, nataka kutua. Basi. Sasa mnarani leo kakaa Babu Mnara, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nianzeje kumwomba njia mtu mzima bila kumwamkia? Mimi nimelelewa! Nikasema shikamoo babu. Naye mtu wa heshima zake, akaitikia marahaba, akauliza mama hajambo, na mgongo wake je? Nikamwambia mgongo haujambo, ila goti. Tulipofika kwenye goti nilikuwa nimepita pa kukatia kona kwa kilomita nne. Ndege mbili zilikuwa zinazunguka nyuma yangu, zinasubiri tumalize kujuliana hali.

Kalamu nyekundu ikatoka sikioni.

Hii ni mara ya pili. Ya kwanza nilitua vizuri mno, ila upepo ulikuwa unanisukuma mgongoni badala ya kunikabili usoni, ndege ikapitiliza mpaka kwenye nyasi. Kitu kidogo tu!

Mama nimemwambia mtihani umeahirishwa. Upepo.

Jumanne, 4 Machi

Habari ya moto! Shirika kubwa la ndege linataka marubani wapya sita kutoka chuo chetu!

Mwalimu wangu wa kuruka katuita ofisini, mimi na Miwani. Mwalimu ni mama mfupi, bila mto kitini haoni nje ya kioo cha ndege. Lakini akikukazia macho, wewe ndiye unayejiona mfupi. Miwani ni binti wa darasa letu, naye kafeli mara mbili kama mimi. Tofauti ni moja: yeye anasema! Anamwambia kila mtu, mpaka mfagiaji wa karakana anajua alifelia wapi. Mtu mzima na akili zake.

Masharti: fomu zipelekwe Jumatano ijayo, na lazima uwe umefaulu mtihani wa kuruka. Wangu wa tatu ni Jumatatu. Nikifeli tena, jina linatoka kwenye orodha, nasubiri mwaka mzima.

Halafu kuna swali la tisa kwenye fomu. Umewahi kufeli mtihani wa kuruka? Mara ngapi? Eleza.

Nikauliza kwa adabu zote kama hilo swali ni la lazima. Mwalimu akasema ni la lazima. Akasema mara mbili si mwisho wa dunia, marubani wengi wazuri wana moja au mbili kwenye mafaili yao. Wanachotaka kuona ni ulikosea nini na ukafanya nini baadaye. Zikifika tano sita, hapo wanaanza kukuna vichwa. Ila ukidanganya umekwisha, maana mtu anayeficha kosa lake chini ataficha na la angani.

Maneno ya walimu hayo. Miwani alikuwa anayaandika!

Mimi siwezi kuandika mbili. Mama ni fundi cherehani, na ameshanishonea shati jeupe la urubani lenye mistari minne ya dhahabu kila bega. Nilimwambia minne ni ya rubani mkuu, anayeanza hapewi. Akaniuliza kwani uzi ni wa nani. Shati limetundikwa mlangoni kwa cherehani. Kila mteja anayekuja kupunguziwa suruali Mama humhadithia kwanza habari za mwanawe ambaye hajawahi kufeli kitu.

Hajawahi kufeli kitu! Mtoto gani atamvunja mama yake moyo? Si mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa kwanza. Karatasi za mitihani yangu miwili ziko kwenye faili, faili liko mezani kwa Mwalimu. Nimempelekea chai. Kikombe kimejaa mpaka juu, cha moto, cha heshima. Mkono ukateleza (niliuzoesha kuteleza tangu asubuhi). Chai yote juu ya faili! Nikapiga yowe la uchungu ambalo hata mimi lilinigusa.

Mwalimu hakupiga yowe. Alifungua kabati akatoa pasi. Mtu gani anaweka pasi ofisini? Akazipiga pasi karatasi zangu mbili moja moja, taratibu, huku akinitazama. Zikakauka, zikawa rangi ya kahawia, maandishi yakaiva vizuri zaidi. Halafu akaniambia nakala nyingine ziko kwenye mamlaka ya usafiri wa anga, kama nina chai nyingine nizifuate huko.

Miwani alikuwa mlangoni. Akasema, pole Kapteni, umeungua? Nikamwambia ashughulike na vioo vyake.

Jumamosi, 8 Machi

Kichwa changu hiki, siku nikifa wakihifadhi kwenye chupa!

Mzee Kalamu ana tabia moja. Katikati ya mtihani anapunguza nguvu za injini ghafla na kusema injini imekufa, utatua wapi? Unachagua shamba, unalielekea, mkishuka vya kutosha anarudisha nguvu mnapaa tena. Sasa mara zote mbili kafanya hivyo mahali pale pale, ukishapita tangi kubwa la maji! Chini yake kuna mashamba mawili. Moja tambarare, jingine lina mtaro katikati. Ukiwa juu yanafanana kama mapacha. Mara ya kwanza nilichagua la mtaro, akahema kama mtu aliyefiwa.

Dawa: alama. Mama ana mashuka meupe thelathini ya hospitali, ameyapiga pindo na kuyafua. Nimemwambia mashuka ya wagonjwa yanataka jua la wazi, si kamba ya uani, na nimemtafutia shamba tambarare safi, mwenye shamba karidhia. Yatandazwe Jumatatu asubuhi.

Mama si mjinga. Akaacha kukanyaga cherehani akaniuliza nimeanza lini kujali mashuka. Ikabidi nimtupie kipande kidogo cha ukweli: nitapita juu yake na ndege, saa nne. Basi tu, nimpungie mkono.

Alifurahi mpaka akajichoma sindano.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefaulu! Nimefaulu! Ngoja niandike tena. NIMEFAULU!

Niende kwa mpangilio. Tukapaa. Nikauita mnara, Babu Mnara yuko zamu. Nikauma ulimi, shikamoo ikaishia kooni. Mimi nani, niko wapi, nataka nini. Halafu babu akauliza mbona leo sina salamu, amenikosea nini? Nikamwambia nitakuja nyumbani babu. Mzee Kalamu akatazama dirishani, mabega yanamcheza.

Tukapita tangi la maji. Injini imekufa, utatua wapi? Nikacheka kimoyomoyo. Nikageuza pua ya ndege kuelekea kwenye weupe wangu. Yale pale, thelathini, yanang'aa! Tukashuka. Tukashuka tena. Nikaona mashuka yana vichwa.

Watu! Mama kaalika wateja wote! Wamekaa juu ya mashuka ya wagonjwa kama wako harusini, wanarusha mikono, na katikati mwanamke mmoja kasimama, na goti lake bovu, anapeperusha shuka kama bendera. Namjua. Ndiye aliyenizaa.

Hapo sikuwa na mpango. Nilisema tu kilichotoka: Mzee, nimekosea shamba, hapa kuna watu, nabadilisha. Nikakata kushoto. Nikakumbuka la mtaro, nikalikwepa pia, nikaona nyuma yake kipande cha ardhi iliyovunwa ambacho sikuwahi kukitazama, nikakielekea. Jasho mpaka kwenye soksi. Mzee Kalamu akarudisha nguvu, tukapaa. Kalamu haikutoka sikioni!

Tulipotua akaniambia hicho ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote: mtu aonaye kosa lake, akalitaja, akalirekebisha. Akaniuliza wale watu wa mashuka ni kina nani. Nikasema siwajui, wananchi tu.

Lango la uwanja likafunguliwa. Mama huyo, shuka begani, wateja nyuma, anaita mwanangu, mwanangu, umetupita karibu nikushike mguu!

Mzee Kalamu akatia saini. Akasema kuruka nimefaulu, hilo la mama tukalimalize wenyewe nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Miwani naye kafaulu jana mchana. Leo tumejaza fomu kwenye meza moja. Swali la tisa yeye kaandika mara mbili, kisha akaambatisha ukurasa mzima wa maelezo! Nikamwambia, dada, wewe unaomba kazi au unaandika wosia? Akaniuliza mimi nimeandika nini.

Nimeandika "Hapana". Kwa mwandiko mzuri sana. Mwenye leseni ni mwenye leseni, nani atachimba ya nyuma?

Mama kaiona bahasha akaibusu. Akaniuliza, mwanangu, hakuna chochote unachotaka kuniambia? Nikamwambia kipo: anipigie pasi shati.

Jumatano, 19 Machi

Usaili! Nimeng'ara! Mistari yangu minne ilifika chumbani kabla yangu.

Walikuwa watatu. Wa katikati rubani mkuu, mama mwenye mvi mbele na sauti ya chini. Alitazama mabega yangu, akatazama yake, yako sawa. Akanikaribisha kiti akiniita Kapteni mwenzangu. Heshima hiyo!

Akaniuliza kuhusu siku niliyowahi kufeli. Nikasema sijawahi. Akauliza, hata mara moja? Polepole kabisa, kama mtu anayekushikia mlango upite. Nikamwambia, Mheshimiwa, wengine tunazaliwa na kipaji.

Akafungua faili. Karatasi mbili za kahawia, zimenyooka kwa pasi. Akauliza ni nini hiki. Nikasema unyevu wa mawinguni. Akasoma kwa sauti kwamba mtahiniwa alisalimiana na mnara kwa dakika moja na nusu, mpaka kwenye goti la mama mzazi. Wakacheka wote watatu! Wa pembeni alivua miwani akajifuta machozi. Nikacheka nao.

Ukimchekesha mtu umempata. Nafasi ni yangu.

Ijumaa, 28 Machi

Wamenikataa.

Barua ina adabu, lazima niseme. Urukaji wangu unaridhisha. Kufeli mara mbili si kizuizi, na watatu kati ya sita waliochaguliwa wamewahi kufeli. Ila jibu la swali la tisa si la kweli, na nililirudia mdomoni baada ya kupewa nafasi ya kulisahihisha. Naweza kuomba tena baada ya mwaka.

Miwani kachukuliwa! Nimemuuliza aliwaambia nini. Kawaambia kila kitu, na jinsi alivyolia chooni, na jinsi alivyorudia kutua mara arobaini na Mwalimu. Rubani mkuu akampa mkono.

Mama kasoma barua mara mbili. Kalishusha shati mlangoni, kachukua wembe, kafumua mistari mmoja mmoja, mabega yote mawili. Yote minane ikalala mezani kama dagaa. Kisha akasema uzi anao. Akipata ukweli mmoja, anarudisha mstari mmoja.

Nikamwambia: mama, nimefeli mara mbili.

Akachukua sindano akashona. Akasema anajua tangu siku ile ile, Babu Mnara alikuja kuliangalia goti akamsimulia. Alikuwa anasubiri nimwambie mwenyewe.

Mstari mmoja umerudi! Mmoja, hivi hivi!

Na hapo ndipo taa ikawaka kichwani. Yaani mimi ni mpumbavu kiasi gani? Mwezi mzima naficha kumbe ndicho wanachokitaka! Miwani kasema kafeli mbili, kapewa kazi. Nimesema nimefeli mbili, nimepewa mstari. Hawa watu wanapenda kufeli! Nikamwambia Mama hapo hapo kwamba samahani, nimekumbuka vizuri, ni mara kumi na moja.

Mama akaweka sindano chini. Kaenda kwa Babu Mnara, mlango kaubamiza. Furaha hiyo, anakwenda kueleza.

Fomu ya mwaka kesho nimeshaianza kwenye karatasi ya mazoezi. Swali la tisa: mara kumi na moja, maelezo kurasa sita. Ya tatu injini inazimika kweli, ya saba kuna ng'ombe. Nimekaa mbele ya kioo najifunza kulia, jicho la kulia limeshakubali, la kushoto bado kidogo.

Miwani na mbili zake kapewa kiti. Mimi na kumi na moja zangu watanipa ndege nzima!