Mkurugenzi wa Viti

Leo nimevuliwa nguo hadharani, tena nikiwa nimevaa suti.

Naandika mwenyewe, mapema, kwa sababu mmoja wenu humu kundini ana picha. Nimemwomba asizirushe, akacheka tu. Nitamtaja zamu yake ikifika.

Asubuhi mliiona ile picha niliyowatumia, suti ya kijivu na tai nyekundu, chini nimeandika: "Leo mgeni rasmi. Ng'ombe hazeeki maini." Mkanipigia makofi. Wengine mkaandika "Meneja wetu huyo!" Mnaoulizia picha za meza kuu, poleni.

Kwa waliopoteza habari zangu: nilipoaga kampuni yetu, miaka mitatu kabla ya umri wangu wa kustaafu, tulihamia Nzuguni, hapa Dodoma, kwenye nyumba tuliyokuwa tunaijenga kwa vipande. Nikanunua viti vya plastiki, maturubai, na kenta iliyotumika ya kubebea mizigo. Nakodisha kwenye harusi, misiba na mikutano. Ubavuni mwa kenta pameandikwa MKURUGENZI VITI NA MATURUBAI. (Kampuni iliniishia kwenye umeneja wa kanda. Ukurugenzi nikajipa mwenyewe.) Mama Neema, mke wangu, anasema nimestaafu nusu: miguu imetoka ofisini, kichwa bado kinasubiri chai iletwe.

Namba iliyo kwenye kenta ni ya Ndahani, dereva na mshirika wangu. Yeye ndiye hupokea oda. Mimi nikipigiwa, najua natafutwa mwenyewe. Hapo ndipo shetani alipopitia.

Wiki iliyopita simu ikaita. Sauti ya mama, nzito, yenye adabu zote.

"Shikamoo Mkurugenzi."

"Marahaba."

"Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku upande wa Kikombo. Jumamosi tuna mahafali ya darasa la saba. Kamati imekaa, ikasema safari hii tukutafute wewe. Mwaka jana tulimpata mzee mmoja akatuangusha, akafika shughuli imekwisha."

"Pole sana, Mwalimu. Mimi na muda ni ndugu."

"Nilikuona kwenye harusi ya mpwa wangu hapo Nzuguni, namba yako nimepewa naye. Ile meza kuu ulivyoipendezesha, watu wanaizungumza mpaka leo."

Kwenye harusi hiyo nilipewa kipaza sauti nikatoa nasaha kwa maharusi. Nilijua tu zile nasaha hazikupotea bure.

"Samahani Mkurugenzi, uwezo wako ni watu wangapi?"

Swali likanipendeza. Siku hizi wanachuja wageni rasmi, nikasema moyoni, vizuri sana.

"Mwalimu, nimebeba watu mia nne kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja aliyeanguka."

"Hao wanatutosha kabisa! Na upande wa gharama?"

"Kwa elimu ya watoto sitozi. Nakuja kwa moyo."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mungu akuzidishie, baba. Fika mapema tu. Bila wewe shughuli haianzi."

Ndugu zangu, mtu akishaambiwa hivyo, atauliza nini tena? Nilipomwambia Mama Neema, aliacha kuchambua mchicha akaniangalia.

"Wamesema mgeni rasmi?"

"Hayo hayasemwi, mama. Yanaeleweka."

"Haya," akasema, akarudi kwenye mchicha wake. Mke wangu akisema "haya" kwa sauti ile, mtu mwenye akili huuliza mara ya pili. Mimi nilikwenda kuandika hotuba. Kurasa nane. (Ndiyo, ilianza na "elimu ni ufunguo wa maisha". Msinichunguze.)

Leo asubuhi Ndahani akapiga simu. "Mzee, leo hatuna oda. Nipumzike?"

"Pumzika, Ndahani. Leo natoka mimi."

Nikaendesha gari langu dogo taratibu ili suti isijikunje. Nilipokata kona ya shule, nikakuta umati. Wazazi wamejaa uwanjani, jua la Dodoma limewasimamia utosini, upepo unawapiga vumbi usoni. Wote wamesimama. Nikasema, watu wa huku wana heshima, wamesimama kunipokea.

Watoto wakaliona gari. "Mkurugenzi! Mkurugenzi kaja!" Vigelegele vikapasuka. Kuna mzee alitupa kofia juu. Nikashusha kioo, nikapunga mkono kama nilivyoona wakubwa wanavyopunga. Niligundua wengi hawaniangalii mimi, wanaangalia barabara nyuma yangu. Wanatafuta msafara, nikadhani. Nikajilaumu kidogo kwa kuja peke yangu.

Mwalimu mkuu akanifikia mbio, jasho linamtoka. "Shikamoo Mkurugenzi, karibu, karibu. Wengine wako nyuma?"

"Niko peke yangu, Mwalimu. Sipendi makuu."

"Peke yako?"

"Mambo ya kujionesha niliyaacha ofisini."

Akachungulia siti ya nyuma. Palikuwa na chupa ya maji na hotuba. "Sasa tutakaa wapi, baba?"

"Msisumbuke. Mimi hata kwenye dawati nakaa."

Mbele palikuwa na meza moja yenye kitambaa na kiti kimoja, kile cha ofisini kwake. Nikatia hotuba mfukoni, nikaenda. Nikafungua kifungo cha koti. Nikakaa. Uwanja mzima umesimama, mimi nimekaa, nimekunja nne.

Mwalimu wa michezo, aliyekuwa mshereheshaji, akashika kipaza sauti. "Wazazi wetu, tunaomba uvumilivu kidogo tu. Mtu wa viti ameshafika."

Nikageuka na mimi kumwangalia huyo mtu wa viti.

Nyuma yangu ulikuwepo ukuta. Nikageuka mbele tena, nikakuta macho ya wazazi, ya walimu, ya darasa la saba lote, yamenitulia mimi. Mwalimu mkuu akainama sikioni kwangu, kwa upole ambao sitausahau.

"Mkurugenzi. Viti viko wapi?"

Maneno yote ya ile simu yakanirudia kwa mpigo. Meza kuu niliyoipendezesha. Uwezo wa watu wangapi. Watu mia nne na hakuna aliyeanguka. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya huku ni ngumu, hata jembe inalikataa.

Na bado. Kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa darasa alikuwa amesimama dada mmoja nadhifu, kitambulisho shingoni, kiatu kirefu kimezama vumbini. Akasogea. Nikamtambua kabla hajafungua mdomo.

"Bosi! Shikamoo."

Rehema. Huyu huyu wa humu kundini, aliyeingia idarani kwangu hajui hata mashine ya kurudufia inawashwaje, nikamfundisha kazi, na leo ndiye meneja wa kanda, kwenye ofisi ile ile niliyoiacha.

"Marahaba, Rehema. Umekuja kwenye mahafali?"

"Mimi ndiye mgeni rasmi, bosi. Nimesimama hapa tangu saa tatu tunangoja viti."

Nikainuka kwenye kile kiti kana kwamba kina moto. Nikasogea pembeni, nikapiga simu.

"Ndahani, kenta iko wapi?"

"Iko hapa nyumbani. Si umesema nipumzike?"

"Pakia viti."

"Vingapi?"

"Vyote. Na maturubai."

"Shughuli ya nani, mzee?"

Nikakohoa kwanza. "Yangu."

Ndahani ni Mgogo mstaarabu, hakuuliza la pili. Ratiba ikabadilishwa, ngoma na maigizo ya watoto vikatangulia. Kile kiti kimoja Rehema akanisukumia mimi, mimi nikamsukumia yeye, mpaka akapita bibi mmoja na fimbo yake, akasema "Mbukwenyi" kutusalimu, akakaa. Tukasimama wote wawili juani, yeye na kiatu chake, mimi na tai yangu, tukiangalia igizo la mtoto mtoro.

Kenta ilipotokea barabarani, nilisikia tena vile vigelegele. Safari hii nilijua ni vya nani. Nikavua koti nikalitundika kwenye kioo cha kenta, na hotuba ikiwa mfukoni. Tai nikaitupia mgongoni. Nikaanza kazi.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa sioni aibu. Kazi ile naijua. Najua turubai linavyofungwa upepo wa Dodoma usilibebe. Najua safu ziachane vipi ili mama mwenye mtoto mgongoni apite bila kuomba samahani. Meza kuu nikaivalisha vitambaa vyeupe, kila kiti na utepe wake wa bluu, cha katikati nikakifunga ua kubwa kabisa. Wazazi wakajitokeza kusaidia, tukawa tunapokezana viti na tunacheka. Suti imekwisha, goti moja limechanika. Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye kikao chochote cha bajeti.

Tulipomaliza, mshereheshaji akaniletea kipaza sauti. "Mkurugenzi atukaribishe."

Kurasa nane zilikuwa mfukoni mwa koti, na koti lilikuwa kwenye kenta. Nikasema neno moja.

"Kaeni."

Uwanja mzima ukakaa mara moja. Katika miaka yangu yote ya umeneja sikuwahi kutoa agizo likatekelezwa haraka namna ile, tena bila mtu kuomba liandikwe.

Rehema alitoa hotuba nzuri. Fupi, ya maana, na hakuna ufunguo wowote ndani yake. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa na Ndahani nikamsikiliza, nikajivunia yule binti kama nimemzaa mimi. Mwishoni mwalimu mkuu akawaambia wazazi kwamba Mkurugenzi ameleta viti kwa moyo wake, bila malipo. (Ndahani akanigeukia taratibu sana.) Makofi yakapigwa. Makofi nimeyazoea tangu ofisini, lakini kule mlikuwa mnaniogopa. Hawa walipiga kwa sababu wamekaa.

Nimerudi nyumbani jioni. Mama Neema ameliangalia goti, ameliangalia vumbi, akauliza: "Mgeni rasmi, chai ninywe peke yangu au unakuja kuchukua?" Nimekwenda kuchukua mwenyewe.

Sasa Ndahani amenijulisha kwamba kiti kimoja kimepungua, kile cha katikati chenye ua kubwa. Watoto walipokuwa wanapakia zawadi za mgeni rasmi kwenye gari lake, kuku na ubuyu, walikiona kimepambwa, wakadhani nacho ni zawadi, wakakipakia.

Kwa hiyo ninyi wengine, atakayenicheka ajue kwamba siku ya harusi ya mwanawe wageni watasimama. Na wewe Rehema, picha rusha ukitaka. Kiti changu cha ofisini nilikuachia kwa moyo mweupe, kikalie mpaka uchoke. Hiki cha plastiki kirudishe kesho asubuhi, tuna oda.