Mashine Tupu

Jumatatu, 3 Juni

Nimekasirika. Naandika ili nisivunje kitu.

Shemeji kaja tena na drili yake. Huyu ni kaka wa mke wangu, seremala, na tangu anunue ile Ngangari ya rangi ya chungwa haendi popote bila hiyo. Mtu anakuja kumjulia hali dada yake na drili kiunoni! Kaiweka mezani, ubavuni mwa sahani yangu, akaanza. Volti kumi na nane. Ampea nne. Haina waya. Betri moja inaingia kwenye drili, inaingia kwenye msumeno, inaingia mpaka kwenye tochi. Mke wangu anasikiliza macho yamemtoka. Mimi nilipomweleza mpango wangu wa kufuga sungura darini, alikuwa anakata kucha.

Sasa jambo lenyewe. Mke wangu anafungua saluni Jumamosi. Chumba kapata, kiti cha kuzunguka kapata, wateja kawaambia. Bado vioo na rafu za ukutani. Miaka yote hii amewasuka watu nywele barazani kwetu, yeye kwenye kigoda, jua linamfuata kila anapohama. Jumamosi ndiyo siku yake. Hilo nalijua. Mimi si jiwe.

Na kuna ufunguo wa pili wa saluni. Kasema atampa mtu anayeweza kumtegemea. Kasema hivyo huku anatazama juu, si kwangu, si kwa kaka yake. Juu!

Shemeji akajitolea kupita Ijumaa afunge kila kitu, eti kazi ya asubuhi moja tu. Mke wangu akamshukuru. Mbele yangu! Nikasema asijisumbue, nyumba hii ina mwanamume. Mke wangu akauliza mwanamume huyo atatoboa ukuta kwa kutumia nini, kijiko? Shemeji alicheka mpaka akapaliwa na chai. Hakuna aliyempiga mgongoni. Mimi sikuthubutu, ningempiga kweli.

Nimeapa. Vioo nitafunga mimi, kwa mashine yangu, na itakuwa na nguvu kuliko yake. Na ufunguo ni wangu.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi dukani. Duka kubwa la vifaa, lile lenye baridi ya kukausha pua.

Jambo la kwanza nililogundua lilinifurahisha sana. Ngangari si kampuni yoyote ya maana! Ni chapa ya duka la ng'ambo ya barabara. Duka linaagiza mashine, linabandika jina lake, basi. Majivuno yote yale ya shemeji ni karatasi ya gundi! Nikacheka peke yangu kati ya makopo ya rangi.

Duka hili nalo lina chapa yake: Shupavu. Rangi ya kijani. Nikasoma maboksi yote. Volti kumi na mbili, za kukazia bawaba za kabati, hizo za watoto. Volti kumi na nane. Volti ishirini. Ampea mbili, ampea nne. Volti ni nguvu, ampea ni pumzi, ndivyo nilivyoelewa, na sikumwuliza mtu.

Ndipo nikaiona. Drili ya Shupavu, volti kumi na nane, bei imeshushwa, karatasi nyekundu imeandikwa MASHINE TUPU.

Lugha yangu naijua. Asali tupu ni asali isiyotiwa maji. Dhahabu tupu ni dhahabu. Basi mashine tupu ni mashine kuanzia kichwani hadi unyayoni, haijachanganywa na takataka. Na ilikuwa rahisi kuliko zile zisizo tupu! Watu wanalipa zaidi kununua michanganyo. Dada wa mauzo akaniuliza kama kweli nataka tupu. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, nina hakika nimeelewa? Nikapaza sauti, watu wasikie: mimi napenda vitu vitupu, michanganyo awauzie wengine. Akainua mabega, akafunga boksi.

Nyumbani nikamwita mke wangu ashuhudie. Kwa bahati mbaya shemeji alikuwepo. Nikainua drili juu. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza kwa vidole viwili. Kimya. Shemeji akainama, akatazama chini ya mpini, pale penye uwazi. Akauliza betri iko wapi. Aliuliza kwa upole, na hilo ndilo lililonichoma.

Ndani ya boksi: drili, na karatasi ya maelezo. Betri hakuna. Chaja hakuna. Kumbe tupu ya mfuko mtupu! Tupu ya sufuria tupu! Mke wangu akakimbilia jikoni, na nikasikia vifuniko vya masufuria vinatetemeka. Huyo ni mwanamke anayecheka ameegemea rafu ya vyombo.

Wezi. Wezi wa lugha!

Jumatano, 5 Juni

Nimerudi dukani kugombana. Nimegombana. Nimeshindwa. Dada wa mauzo alisema aliniuliza mara mbili, na mlinzi wa mlangoni akathibitisha. Yeye kaajiriwa kulinda mlango au kusikiliza mazungumzo ya watu?

Nikaenda kwenye rafu ya betri. Hapa ndipo uovu wa dunia umewekwa kwa mpangilio. Betri za Shupavu ziko aina mbili. Zote kijani, zote nzito, zote zinateleza chini ya mpini vilevile, zinafanana kama mapacha. Moja imeandikwa volti kumi na nane. Nyingine ishirini, nayo ina kijipande cha plastiki kilichozidi katikati. Dada akaeleza kwamba ile ni ukoo wa zamani na hii ni ukoo mpya. Drili yangu ni ya ukoo wa zamani, ndiyo maana bei ilishushwa. Betri za ukoo mpya haziingii.

Nikamwonyesha boksi. Limeandikwa kwa herufi kubwa: UKOO MMOJA, BETRI MOJA. Nikamwuliza ni ukoo gani huu ambao ndugu hawawezi kuingia nyumba moja. Akasema yeye anao hao nyumbani kwao. Watu wakacheka. Sikucheka.

Akanishauri nichukue ya kumi na nane. Angalia mtego huo! Shemeji ana kumi na nane. Nami nirudi na kumi na nane, tulingane? Nikachukua ishirini, pamoja na chaja yake na biti, ile ncha ya kutobolea. Akaanza kusema kitu kuhusu kile kijipande. Nikamwambia mengine nitayamalizia mwenyewe.

Jioni shemeji alipita, nikaipitisha betri mbele ya pua yake kwa bahati mbaya. Unajua alichosema? Eti ishirini ni mdomo tu. Betri ikijaa pomoni inagusa ishirini kwa dakika chache, halafu inashuka kumi na nane na kukaa hapo. Ni betri ileile, wamebadili namba ya kuandika. Wivu mtupu! Na hapo neno nimelitumia sawasawa.

Haiingii. Nimejaribu alipoondoka. Kijipande kinagonga.

Alhamisi, 6 Juni

Kutwa nzima ya hasira, lakini hasira yenye faida.

Asubuhi mke wangu alikaa karibu yangu, akasema taratibu nimwambie ukweli tu, maana Jumamosi ana watu, na kama mashine ina matatizo hatanicheka, atamwita kaka yake tuyamalize. Alisema vizuri. Nilikaribia kusema. Halafu akamtaja kaka yake mara ya pili. Nikamwambia ukweli ni kwamba kila kitu kiko tayari.

Kisha nikafikiri: mwanamke huyu ana wasiwasi, anaweza kumwita kwa siri. Lazima nizibe mwanya. Nikampigia shemeji. Nikamwambia ufunguzi umesogezwa mpaka wiki ijayo, mafundi wa maji wamechelewa, dada yake anaona aibu kusema, kwa hiyo asimwulize. Akasema vyema, basi Ijumaa atakwenda kuezeka banda la mtu. Nenda kaezeke! Mimi nina akili, na siku moja itatambuliwa.

Halafu kile kijipande. Nikatafuta tupa ya kunolea visu. Ukoo mpya, ukoo wa zamani, mbele ya tupa wote ni sawa. Nikasugua mpaka kikaisha. Betri ikaanza kuingia, ikakwama nusu. Nikaigonga kwa kisigino cha kiatu. Ikaingia yote, kwa mlio mtamu. Nikabonyeza.

Ikazunguka! Ilinguruma chumba kizima! Niliruka. Nilitoboa mguu wa stuli kwa furaha tu.

Nilipotaka kuitoa niichaji, haikutoka. Nikavuta. Nikaikanyaga drili nikavuta. Nikaibana mlangoni nikavuta. Imezama, haitoki. Chaja iko mezani, taa inawaka kijani, inasubiri mgeni asiyekuja. Nimetukana watu wa kiwanda mmoja baada ya mwingine, wale ninaoweza kuwawazia.

Haidhuru. Betri ilitoka dukani na moto kidogo. Ukuta mmoja tu, itatosha.

Ijumaa, 7 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saluni asubuhi. Chumba kinanuka chokaa mpya. Nilipima, nikaweka alama za penseli, nikarudi nyuma nikatazama kama fundi. Tundu la kwanza likaenda vizuri. Nikapiga mluzi. La pili likaenda, polepole. Katika la tatu drili ikaanza kulia sauti ya mbu, ikashuka, ikanyamaza. Biti ikiwa ndani ya ukuta. Nikavuta, ikagoma. Nikaning'inia. Ikagoma hata hivyo. Nikaiachia, na drili ikabaki pale ukutani, kijani, mpini chini, inanitazama.

Mke wangu akaingia na taulo mpya kifuani. Aliangalia ukuta. Aliangalia vioo vimeegemezwa chini. Akampigia kaka yake aje haraka. Nikamsikia akisikiliza, akisikiliza, kisha akauliza, wiki ijayo? Nani kakwambia wiki ijayo?

Simu ilipoisha akaketi kwenye kiti chake cha kuzunguka, taulo bado kakumbatia. Hakunitazama. Nilitamani anigombeze, anirushie hata sega. Akasema tu kwamba alikuwa ameshaupitisha ufunguo kwenye uzi, aniwekee leo jioni mezani. Wangu. Alikuwa ameamua tangu Jumatatu.

Niliona aibu. Naandika wazi, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikatoka nje nikasimama jua kali kwa makusudi.

Halafu nikaanza kuwaza. Kama alikuwa ameamua tangu Jumatatu, kwa nini hakusema tangu Jumatatu? Ningehangaika hivi? Hasira ikarudi, afadhali.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji alifika kabla jua halijachomoza vizuri, vumbi la banda la watu bado kichwani. Hakunisema. Alishika mdomo wa drili yangu kwa mkono, akauzungusha kidogo, ukaachia biti. Vidole tu! Mimi nilining'inia!

Akatoa Ngangari. Akatoboa matundu kadhaa, na nayo ikalia sauti ya mbu ikazimika. Ampea nne! Nilipiga makofi, nikajizuia nikiwa nimeshapiga. Yeye akaenda kwenye mfuko wake, akatoa drili kuukuu, yenye waya, rangi yote imebanduka. Akachomeka kwenye soketi. Soketi iko wapi? Chini ya kioo cha kwanza! Imekaa pale wiki nzima, hakuna aliyenieleza!

Mteja wa kwanza alikuja mapema, akakuta kioo kimoja tu, akasema atarudi, hakurudi. Mke wangu alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona. Huyo alikuwa wa kwanza kabisa.

Baadaye walijaa. Walikaa mpaka kwenye maboksi. Mke wangu alicheka nao, mikono inakwenda, hakuna jua linalomfuata. Alipendeza sana. Nilifagia nywele kutwa, sikuambiwa.

Wakati wa kufunga alitoa ufunguo ule kwenye mkoba, na uzi wake mwekundu, akampa shemeji. Shemeji akautia mfukoni kama mtu anayetia njugu.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa nikachambua makosa. Ni ya duka, ya kiwanda, ya dada wa mauzo, ya ukoo mpya, ya fundi aliyeificha soketi. Yangu sijayaona, na nimetafuta.

Mke wangu kalainika kidogo. Kasema ukuta wa nyuma wa saluni unahitaji rangi, kesho wamefunga. Niupake mimi, polepole, kwa brashi. Nikifanya vizuri atachonga ufunguo wa tatu. Alisema brashi, akairudia, akaniletea brashi yenyewe mkononi. Nikamwambia nimeelewa.

Mchana nikapita dukani kubadilisha brashi. Wamenipa, kwa kuongeza hela kidogo, mashine ya kupulizia rangi. Haina waya. Volti arobaini! Betri mbili ndani ya boksi, nimezihesabu mbele ya dada, mbele ya mlinzi. Mimi si mtu wa kudanganywa mara mbili.

Nimekwenda kwa shemeji kuazima ufunguo. Akanipa, akaitazama mashine, akaniomba nifunike vioo kwanza, pamoja na kiti na taulo. Anasema mashine hizo zinarusha rangi kila upande. Anajua nini huyu? Ya kwake ni kumi na nane. Nimemjibu kwamba volti arobaini zinajua ukuta ni upi.

Sitafunika kitu. Naanza asubuhi na mapema, mlango nimefunga, ili mke wangu akija akute mshangao.