Marehemu Anasoma Matangazo

Jumatano, 5 Machi

Mke wangu amekufa jana saa nne asubuhi. Presha. Ameacha chai nusu kikombe, simu yake na daftari hili. Kaandika ukurasa mmoja tu, orodha ya sabuni. Kurasa zilizobaki nazimaliza mimi.

Kampuni yetu moja. Yeye msafishaji wa ofisi, mimi mpakia mizigo ghalani. Zamani kulikuwa na ubao wa matangazo getini. Wakaung'oa. Sasa kila kitu kiko kwenye programu ya simu. Zamu humo, ruhusa humo. Mimi nasoma polepole, basi alikuwa ananisomea yeye.

Leo nimeomba ruhusa ya msiba mwenyewe. Anayejibu ni mashine. Ikaandika: Tunafurahi kusikia kutoka kwako! Bonyeza moja likizo, mbili ugonjwa, tatu mabadiliko ya familia. Kifo hakina namba. Nikabonyeza tatu. Ikaandika: Hongera! Mtoto wa kiume au wa kike?

Nikabonyeza wa kike. Nimepewa wiki nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Tumemzika. Jua kali. Mtunza stoo, tunamwita Kufuli, hakuja. Katuma ua la kwenye simu.

Shemeji, mdogo wake marehemu, kaomba simu ya dada yake. Nikasema imeharibika. Ikalia hapo hapo mfukoni mwangu! Shemeji kanitazama. Akasema, shemeji, hata leo?

Siwezi kumpa. Ndani ya ile programu kuna sauti ya mke wangu. Sekunde kumi na moja. Kwetu tuliotumiwa ilifutika baada ya siku moja, imebaki kwake tu. Aliwatumia wafanyakazi wote Ijumaa iliyopita: Jamani, nani kachukua ndoo yangu ya bluu? Nidekie na nini, na sketi? Nikimkamata atanitambua! Sauti yake nyingine sina. Alikuwa mtu wa kupiga simu, si wa kurekodi.

Ndoo nilichukua mimi. Ghalani hakuna viti, naikalia mapumziko. Siku ile alipopita nikaifunika na koti. Nilipanga kumwambia Jumapili. Jumapili akaanza kuumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Tangazo la kifo chake limetoka kwenye programu. Chini yake tangazo jingine. Asiyefungua matangazo siku tatu anafutwa, na kila alichowahi kutuma kinafutika naye.

Yaani na ile sauti!

Nimepata akili. Mashine haiulizi nani mzima. Inaangalia nani kafungua. Nimechukua simu yake nikafungua matangazo yote. Viatu vya usalama, zamu mpya, maji kukatika. Kote nimeweka alama ya moyo, ionekane kasoma kweli. Mengine sikuyasoma. Kidole kilishika kasi.

Jumamosi, 8 Machi

Kufuli kapiga. Sauti inatetemeka. Anasema, mzee, mkeo kaweka moyo kwenye tangazo la kifo chake.

Nikasema ni mtandao. Akasema mtandao gani huo unaoshika mpaka kaburini. Anasema mlinzi kagoma kuingia ile ofisi aliyokuwa anaisafisha.

Nikafungua nitoe ule moyo. Sikujua unatolewaje. Nikaongeza dole gumba.

Jumatatu, 10 Machi

Mashine imetangaza yenyewe, kampuni nzima. Msomaji Bora wa Wiki: mke wangu. Picha yake, nyota tano, maputo yanapanda.

Kufuli alikuwa wa kwanza miezi mitano mfululizo. Leo wa pili. Kapitwa na maiti! Nikacheka peke yangu chumbani. Nikaitazama tena ile picha. Niliipiga mimi, jua limemfanya afumbe jicho moja. Kicheko kikaisha.

Kufuli kapiga tena. Woga umemtoka. Kasema mizimu haina simu, huyo ni wewe, na nimeshakuripoti ofisini. Nikamwambia ana wivu na marehemu. Akasema ndiyo.

Jumanne, 11 Machi

Nimeitwa ofisini. Dada wa mawasiliano, umri wa kuwa binti yangu. Kaanza kwa kunipongeza kupata mtoto. Nikamwambia hakuna mtoto. Akaangalia mezani. Kisha akasema, baba, akaunti ya mama inafungwa leo saa nane. Anasema hana namna.

Nikasema afute nyota, afute mioyo, afute na mimi akitaka. Sauti aniachie. Akauliza sauti ipi. Tukaisikiliza pale pale, yeye na mimi, mlango umefungwa. Nani kachukua ndoo yangu ya bluu. Yule dada kageukia dirishani. Alipogeuka tena kaihamishia kwenye simu yangu. Kanionyesha pa kubonyeza, mara tatu, bila kuchoka.

Nikiwa nasimama akauliza, na hiyo ndoo, baba, haikupatikana?

Nafasi hiyo. Mdomo nimeshaufungua. Mtu mwema, mlango umefungwa, hakuna wa kunicheka.

Nikasema, muulizeni Kufuli.

Saa nane picha yake imeondolewa. Palipokuwa na jina lake pameandikwa: Mtumiaji hayupo. Shemeji nimempelekea simu. Kauliza imepona lini.

Ile sauti nimeisikiliza mara tisa. Ananiuliza nani kachukua. Namjibu, mimi. Ananiuliza tena.

Ndoo iko ghalani nyuma ya magunia, chini ya koti langu. Asubuhi nitawahi niiingize nyuma ya mlango wa stoo kabla Kufuli hajafika. Ikikutwa kwake, yamekwisha.

Kesho narudi kazini.