Fomu Mia Mbili za Maoni

Jumatatu, 3 Machi
Butwaa! Mkurugenzi ametangaza kwamba jiji linaandaa mpango mkakati wa miaka mitano. Maktaba na burudani zitakuwa idara moja. Idara moja, mkuu mmoja! Ama mimi, msimamizi wa maktaba kwa miaka kumi na tisa, ama Kiboko, msimamizi wa bwawa la kuogelea, mtu anayekuja vikaoni na taulo shingoni. Wananchi watajaza fomu za maoni na kuzitumbukiza kwenye sanduku mlangoni pangu. Huduma itakayotajwa mara nyingi zaidi ndiyo itakayotoa mkuu. Mwingine atakuwa chini yake. Mimi, nimwite Kiboko bosi? Chai ilinipalia.

Jumanne, 4 Machi
Wanajaza kweli! Tena wengi wametoka bwawani, nywele bado zinachuruzika maji. Nimekwisha. Watu wenye maji masikioni huwezi kuwaachia mpango mkakati.
Ufunguo wa sanduku ninao mimi. Kosa la Mkurugenzi, si langu.

Jumatano, 5 Machi
Nimejifungia chumba cha magazeti ya zamani na fomu tupu mia mbili. Kalamu za rangi nne. Kila fomu ya tano, mkono wa kushoto. Nimejisifu kwa kiasi tu: yule bwana wa miwani ni mcheshi, mchapakazi, ana sauti tamu ya kusoma. Bwawa sikulitukana, mimi si mtu wa hivyo. Nimeandika ukweli mtupu: bwawani hakuna hata kitabu kimoja! Sentensi hiyo ilinipendeza, nikaitia kwenye fomu zote. Vidole vimekufa ganzi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetoa fomu za wananchi, nimetia zangu. Zao nimezileta nyumbani bila kuzisoma. Kuchungulia maoni ya watu ni utovu wa adabu.
Mama watoto, fundi cherehani, akauliza mbona vidole vina rangi nne. Nikamjibu ni mambo ya mkakati. Akaguna, akasema si ningewauliza tu watu wanataka nini. Maskini, hajui mipango. Ila karatasi amezifurahia: atazikatia vipimo vya kola.

Ijumaa, 7 Machi
Lahaula!
Mkurugenzi alifungua sanduku mbele ya kamati nzima. Akasoma fomu ya kwanza, ya pili, ya kumi. Akasema hajawahi kuona wananchi wenye kauli moja namna hii. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Kisha akasema watu mia mbili wanalilia vitabu bwawani, na kilio chao kimesikika! Karani akahesabu. Bwawa limetajwa mara mia mbili. Maktaba? Hata mara moja! Nilijisifu mimi, jengo nikalisahau. Jamani!
Kiboko ndiye mkuu. Itafunguliwa maktaba ya bwawani, na kwa kuwa bwana wa miwani anapendwa mno, na sauti yake hiyo, atahamia huko yeye mwenyewe. Kiboko alinikumbatia, taulo likanilowesha shati. Akaniambia nije na kandambili.

Jumamosi, 8 Machi
Mama watoto aliniita penye cherehani. Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa amegeuza kola zake na kuzisoma zote. Fomu mia moja na thelathini. Ishirini zinaomba bwawa lisafishwe. Zilizobaki zote, hata za wale wa nywele mbichi, zinataka maktaba!
Akanisomea moja. Bibi mmoja ameandika kwa herufi kubwa zilizopinda kwamba alijua kusoma akiwa na miaka sitini na mbili, kwa sababu bwana wa miwani alimfundisha kila siku saa ya chakula. Anaomba msimwondoe bwana huyo.
Namkumbuka. Mwamvuli wa bluu. Herufi R ilimsumbua wiki nzima.
Mama watoto akasema taratibu kwamba nilikuwa nimeshashinda tangu Jumanne. Akasema Jumatatu nizipeleke kwa Mkurugenzi, niseme kweli. Nililia, nikalowesha kola tatu.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana, na somo limeniingia. Fomu mia mbili zilikuwa chache, na neno maktaba halikuwemo.
Mpango utapitiwa upya baada ya miezi sita. Sanduku litawekwa bwawani, na Kiboko ameniomba nimtunzie ufunguo, maana yeye huangusha vitu majini. Nimeshanunua kalamu nane.
Mama watoto alizipanga zile fomu mezani, tayari kwa kesho. Nikamwambia aendelee tu na kola zake. Nimebakiza moja, ya yule bibi. Imeandikwa vizuri mno. Nitainakili mara mia tano, kwa mkono wa kushoto.