Bangili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Biashara imelala doro. Duka langu lina kila kinachong'aa: mikufu, hereni, pete za mawe ya kila rangi. Vyote vipya, vyote bado vimo kwenye nailoni. Nimeshinda nikifuta kioo cha kabati. Mteja pekee aliyeingia alikuwa anauliza njia ya kwenda kwa Bi Sanduku.

Bi Sanduku ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo nilimpa mimi kwa kumkejeli. Akalipenda, akaliandika juu ya mlango wake. Anauza vito vikuukuu. Ananunua kwenye familia za watu mikufu ya mabibi, pete za wanaohama, vipini vilivyopoteza jiwe, anavipanga ndani ya sanduku la mbao lililopasuka kifuniko. Halina hata taa. Na watu wamejipanga mpaka nje.

Nimevuka kumsalimia, yaani kumpeleleza. Nikamkuta msichana wa kisasa kabisa, kucha hizi, miwani ile, anabembeleza auziwe pete iliyokwaruzika. Nikamuuliza Bi Sanduku siri ni nini. Akaniambia pete mpya inapendeza, hakatai, lakini pete iliyokwisha kupendwa na mtu mwingine inakuja na joto lake.

Joto. Nimelitafuna neno hilo jioni nzima. Kama watu wanataka umri, umri nitawapa.

Jumanne, 4 Machi

Nimezeesha hereni. Nimezilaza kwenye siki na chumvi, nikazipaka majani ya chai, kisha nikazifukia kwenye chungu cha maua cha mke wangu, pale kibarazani. Mke wangu ameuliza kwa nini ua lake linanuka siki. Nimemjibu kuwa ni mbolea mpya. Akanitazama vile anavyonitazamaga. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 6 Machi

Hereni zimezeeka vizuri kuliko mimi. Ua limekufa.

Asubuhi aliingia mama mmoja, karani wa posta. Akazipenda papo hapo. Akauliza zilikuwa za nani. Hapo nikagundua kwamba sikujiandaa. Nikasema za bibi yangu. Akauliza bibi alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alikuwa rubani. Mpaka sasa sijui rubani alitoka wapi. Akataka kujua alikuwa anaendesha ndege gani. Nikasema za zamani.

Mchana akarudi, masikio yamemvimba mfano wa maandazi. Akaziweka hereni juu ya kabati. Moja ilikuwa bado imeng'ang'aniwa na mzizi.

“Bibi yako alikuwa rubani au mkulima?” akauliza.

Nimempa hereni mpya bure na kumsindikiza mpaka nje. Bi Sanduku alikuwa mlangoni kwake, anafuta miwani ambayo haikuwa chafu.

Nimetafakari kwa kina. Kosa langu ni moja tu: hadithi ilikuwa ya kubuni. Ninachohitaji ni hadithi ya kweli. Na hadithi ya kweli ninayo, inaishi kwangu, chumba cha nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Jumamosi ijayo ndugu wa mchumba wa binti yangu wanakuja kutambulishana nasi. Kijana mwenyewe namjua, mpole, anameza maneno akiniona. Ndugu zake sijawahi kuwatia machoni.

Leo mama mkwe ameniita chumbani. Akafungua kijaluba chake cha bati, akatoa bangili yake ya dhahabu. Anataka siku hiyo amvike mjukuu wake, na mjukuu asijue mpaka siku yenyewe. Binti yangu ameipenda bangili hiyo tangu akiwa na meno mawili. Aliyaotesha kwa kuitafuna bangili yenyewe.

Nikamwomba anihadithie tena habari ya kile kibonyeo kilicho ubavuni mwa bangili. Naijua kwa moyo, ila nilitaka kuisikia kibiashara. Siku ya ndoa yake walikwenda ofisi ya msajili, karani akawafungia mlango akaenda kula. Bwana harusi akasema basi, warudi kesho. Bibi harusi hakurudi kesho. Aligonga mlango kwa bangili mpaka karani akatoka, mkate mdomoni. Walifunga ndoa, na bangili ikabonyea. Tangu hapo, mama mkwe akiwa na jambo zito, kidole gumba chake kinakwenda kwenye kile kibonyeo chenyewe, kama mtoto anayekwenda kwa mamaye.

Machozi yalinilengalenga. Hapo hapo nikaomba nikaisafishe dukani.

“Isipotee, baba,” akasema. Ndiyo hayo tu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi shaba amenitengenezea bangili sinia zima, zimechovywa dhahabu juujuu. Vibonyeo nimevipiga mwenyewe kwa nyundo. Nimeweka kibao dirishani: BANGILI ILIYOFUNGUA MLANGO WA NDOA. Ya mama mkwe nimeilaza katikati ya sinia, ili nyingine ziige adabu.

Binti yangu amepita, akasoma kibao, akacheka mpaka akakaa chini. Amesema lazima amsimulie mchumba wake.

Watu wanaingia. Nasimulia, wananunua. Kila nikifika kwenye mkate wa karani, wanapiga makofi. Nimemwona Bi Sanduku akichungulia. Leo nalala kifua mbele.

Jumatano, 12 Machi

Siku njema imeniharibikia jioni.

Aliingia mama mnene, kilemba cha kijani, sauti ya kuamrisha. Akataka bangili. Nikaanza hadithi. Ninapofika kwenye sehemu ya mlango huwa nafumba macho, inatia huzuni. Nilipofumbua alikuwa ameshachagua, ameshalipa, anatoka. Akaniambia ameipenda hiyo kwa sababu nyingine zote ni nyepesi kama bati la maziwa.

Nilimshukuru. Nikampungia mkono. Halafu neno “nyepesi” likanifikia.

Nimeinua moja moja. Bati la maziwa. Bati la maziwa. Zote bati la maziwa. Nimetoka mbio hadi njia panda, nikarudi hadi kwa kinyozi. Kila kilemba cha kijani nimekisimamisha. Kimoja kilikuwa cha mwanamume, akakasirika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda kwa Bi Sanduku nimevimba, nikamshutumu kwamba yule mama ni mtu wake. Hakukasirika. Alinivutia kiti. Akachukua bangili yangu moja, akaitazama kwa kioo chake cha kukuzia, akasema ni kazi safi kabisa, mkono wa nyundo ninao, kwa nini naudanganyisha.

Nikamweleza yote. Nikamuuliza ingekuwa yeye angefanya nini. Akasema angekwenda kwa mama mkwe leo hii, akamwambia. Yeye anakaa na vitu vya wafu na wazee kila siku, na anajua kwamba mtu anaweza kusamehe kitu kupotea. Kudanganywa juu yake ndiko kunakomuuma.

Ushauri mzuri. Nimemshukuru sana. Nimerudi dukani nikachagua ile iliyofanana zaidi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemkabidhi mama mkwe bangili, imesuguliwa, imefungwa kwa kitambaa cha hariri. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliipima kidogo kiganjani. Kidole gumba kikaenda kwenye kibonyeo, kikasimama, kikazunguka, kikarudi. Nilihesabu vigae vya dari.

“Umeisafisha sana,” akasema. “Asante, baba.”

Akaifungia kijalubani. Imepita. Mimi ni bingwa. Lakini mke wangu ameniuliza kwa nini nimepauka kama unga.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Sababu itakuja.

Wageni walifika, viti vikajaa, wengine wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Akaingia mchumba, akaingia baba yake, na nyuma yao akaingia kilemba cha kijani. Nikatambulishwa. Ni shangazi wa mchumba. Akanishika mkono, akasema kwa sauti ya kufika jikoni kwamba ananijua, mimi ndiye nisimuliaye huku nimelala.

Nilijaribu kwenda kusaidia jikoni. Mke wangu alinikalisha.

Mama mkwe akasimama. Akasema maneno machache, akamvika mjukuu bangili kutoka kwenye kijaluba. Binti yangu alilia, akamkumbatia bibi yake, watu wakashangilia. Nikapumua. Ndipo mchumba akasimama naye, jasho likimtiririka, akasema kwamba yeye pia alileta kitu, na sasa anaona aibu. Alikuwa amesikia habari za bangili ya bibi miaka yote ya uchumba wao. Alidhani bibi hawezi kuivua kamwe. Basi aliposikia zinauzwa zinazofanana nayo, akamtuma shangazi, maana mwenyewe aliogopa kunikabili.

Shangazi akafungua mkoba. Akaitoa.

Mama mkwe aliomba aishike, akamvua mjukuu ile nyingine. Akaweka ile moja kiganja hiki, hii nyingine kiganja kile, kama anayenunua nyanya. Kidole gumba kikaingia kwenye kibonyeo. Safari hii hakikuzunguka. Kilitulia pale, na uso wake wote ukatulia nacho.

Akanigeukia. “Mkwe wangu, jana nilijua. Nilinyamaza nione kama utasema.”

Chumba kizima kikanitazama. Nikasema kwamba ulikuwa mpango wangu tangu mwanzo, nilitaka kujua kama kijana ana jicho la kutambua kitu cha thamani. Kisha mama mkwe akaanza kucheka, kwanza mabega, halafu kicheko chenyewe, na wengine wote wakafuata, mpaka baba wa mchumba akafuta machozi kwa tai yake.

Akamvika mjukuu ile ya kweli. Akamshika mchumba shavuni, akamwambia kwamba bangili hii ilimpa yeye mume na sasa imejitafutia mjukuu, hana cha kuongeza. Binti yangu alilia upya, safari hii hata kilemba cha kijani kililia.

Ile ya shaba mama mkwe alinivika mimi. Kwa sabuni. Mke wangu alisukuma, shangazi alinishika bega. Haitoki. Kiganja cha kulia kimefura, na kifundo kimeanza kuwa kijani.

Hata hivyo tulicheza mpaka jirani akaja kulalamika, akabaki, akacheza pia. Sijamwona mama mkwe akicheza namna ile.

Jumatatu, 17 Machi

Bi Sanduku amenikatia bangili mkononi kwa koleo. Amesema niuze kazi ya nyundo yangu kama ilivyo, mpya, kwa jina langu, bila bibi wa mtu yeyote ndani yake, na yeye ataniletea mikufu iliyokatika nimtengenezee. Nimekubali. Nimemwapia mke wangu kwamba udanganyifu basi, mimi na umri wa uongo tumeachana. Amefurahi, amekwenda sokoni anaimba.

Jumanne, 18 Machi

Ameingia bwana mmoja mtanashati. Anatafuta pete nene za kiume, za zamani, za watu wazito. Nilifungua mdomo kumwelekeza ng'ambo ya barabara, naapa. Mdomo ukamwambia apite kesho.

Nimerudi nyumbani kufikiri. Nikaketi sebuleni, nikainua macho. Pete za pazia. Shaba tupu, nzito, zimefubaa zenyewe bila siki. Ni pana kidogo kwa kidole, lakini wazee wa zamani walikuwa na vidole vya kazi.

Mke wangu ameingia, amekuta pazia limelala sakafuni. Ameuliza pete zake ziko wapi.

Nimemwambia sebule ilihitaji mwanga.